Shemasi Aliyeegesha Gari Kanisani

Kwa mtu aliyepata riziki kwa kuwaonyesha wengine mahali pa kuegesha magari, Shemasi alikuwa dereva mbovu ajabu. Barabarani hakuwa na neno. Alikwenda polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani. Balaa lilianza safari ilipokwisha. Kurudi nyuma hakujua, kupenyeza gari kati ya mengine mawili hakujua, na mara nyingi alilisimamisha pikapu la kanisa upogoupogo, matairi mawili juu ya ukingo, akashuka na kwenda zake bila kugeuka. Lakini siku za kazi ungemkuta kwenye kiwanja cha magari nyuma ya maduka, chini ya mteremko wa Berea, jijini Durban, amevaa kizibao chake cha kijani kinachong'aa, akiyaongoza magari ya watu kwa kiganja kimoja, kushoto kidogo, nyoosha, basi, nayo yakaingia bila mkwaruzo. Nilimtania kwamba mganga hajigangi. Alikubali mara moja, akaniongezea na ya kinyozi hajinyoi.

Jina lake analo na ninalijua, ila sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Sote tulimwita Shemasi. Wenye magari nao waliwasikia Wakongo wenzake wakimwita hivyo, wakadhani ndilo jina la ukoo. Mama mmoja wa pale Berea alimwandikia kadi ya Krismasi, kwa Bwana Shemasi na familia yake, na kadi hiyo Shemasi aliitia ndani ya Biblia yake ikakaa humo miaka, ikiashiria ukurasa uleule.

Kanisa letu lilikuwa ghorofani katikati ya jiji, juu ya saluni. Wengi walikuwa Wakongo, wauza simu, wasusi, walinzi wa magari kama yeye, kisha Watanzania wachache na sisi Wakenya tunaohesabika. Mimi nilikuja Durban kusoma usanifu wa majengo, na nilijiunga na kanisa hilo kwa sababu ya Kiswahili tu, sitaficha. Jumapili dawa za nywele zilipanda ngazi pamoja nasi, na tulipofunga macho kuomba yalikuwa yameshaanza kuwasha. Ukumbi ule ulikuwa wa kupanga. Shemasi alichukia sana neno hilo, kupanga. Jambo alilolitaka kupita yote duniani ni kanisa letu lipate paa lake lenyewe kabla hajaingia kaburini, na alilisema hilo waziwazi, kwenye maombi, kwenye harusi, hata kwenye foleni ya benki.

Tena hakuishia kusema. Mahali popote jijini palipovunjwa jengo, Shemasi alifika kuomba mabati. Aliyabeba mawili mawili kichwani, akayaosha, akayanyoosha kwa nyundo ya mpira, akayapanga uani nyuma ya saluni na kuyafunika kwa turubai. Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nikamwahidi, kwa kiherehere cha mwanafunzi, kwamba nikihitimu nitamchorea ramani ya kanisa bure. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na kuanzia hapo hakuniita tena kwa jina. Nikawa Architecte, yaani msanifu majengo kwa Kifaransa cha kwao.

Safari zetu za mashambani zilianzia kwangu, kwa haja yangu. Nilikuwa naandika tasnifu juu ya majengo ya makanisa ya vijijini, na sikuwa na gari. Shemasi naye alikuwa na desturi ya kutoka na pikapu la kanisa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, amepakia nguo, unga na sabuni zilizochangwa na waumini, akizipeleka kwenye vikanisa vya ndani huko, mbele ya mashamba ya miwa na misitu ya mikaratusi. Mchungaji akasema niende naye. Nilikwenda kwa miaka miwili, na nilichojifunza kuhusu makanisa nilikipata kwenye kiti cha mbele cha pikapu lile, si maktaba.

Tuliona makanisa ya kila namna. Lipo moja la mawe, la wamishenari wa zamani, lenye madirisha ya vioo vya rangi na watu tisa ndani yake. Lipo la kontena lililotoka bandarini, limetobolewa madirisha kwa moto wa kuchomelea. Jingine lilikuwa duka zamani, na tangazo la soda lilikuwa bado linaonekana ukutani nyuma ya mhubiri. Hapakupita kilima bila msalaba, na mara nyingi chini ya msalaba huo palikuwa na wanawake wenye ndoo wakisubiri lori la maji ambalo wiki hiyo halikufika. Nilikuwa najiuliza, na nilimuuliza, inakuwaje nchi ina makanisa mengi hivi na bado watu wake wana kiu. Hakunijibu kwa mahubiri. Alisema twende tukaone choo.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake. Kila tulipofika kanisani alisalimia wenyeji, akauliza habari za wagonjwa, halafu akaomba aonyeshwe choo, hata kama hana haja. Mara ya kwanza niliona haya mpaka nikajifanya nafunga kamba za viatu. Baadaye alinieleza.

"Mimbari inaweza kukudanganya," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo, chenye Kifaransa ndani. "Choo haidanganyaka."

Na kweli. Tuliwahi kuingia kanisa moja kubwa lenye spika ndefu kuliko mimi na kiti cha mchungaji cha dhahabu ya kupaka, na choo chake kilikuwa shimo lililozibwa na mlango wa friji. Mwezi uleule tulifika kwenye kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, waumini kumi na wawili, na nyuma yake choo kilichofagiwa, ndoo ya maji, na kipande cha sabuni kimetiwa kwenye soksi na kuning'inizwa ili kisipotee. Shemasi aliitazama sabuni ile muda mrefu. Ndani ya pikapu aliniambia pale pana watu wanaopendana, na kwamba mwezi ujao tuwaletee unga zaidi, wale wa spika wataishi tu.

Mimi wakati huo nilikuwa na ugonjwa wa kamera. Ufukara wa watu ulinipendeza kwenye picha, nalisema kwa aibu. Rangi inayobanduka, bati lenye kutu, mwanga unaopita kwenye tundu, yote hayo niliyaona mazuri. Siku moja niliona mlango umepasuka katikati, jua la asubuhi limeulalia, nikapiga magoti nikaanza kupiga picha. Shemasi alikuja akaweka kiganja mbele ya lenzi, kiganja kilekile cha kuzuia magari.

"Architecte, hiyo ni mulango ya mutu. Piga kwanza hodi."

Nilikasirika, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Nikapiga hodi. Akatoka mzee mmoja, akatukaribisha, akaniuliza hiyo picha itaonyesha ufa kwa nje au kwa ndani, maana kwa ndani ndiko unakoingilia baridi. Picha hiyo haimo kwenye tasnifu yangu.

Nisije nikamfanya malaika. Shemasi alikuwa na mapungufu ya kutosha. Alihimiza uvumilivu na hakuweza kusubiri robot, yaani taa ya barabarani, igeuke kijani bila kunung'unika. Alisema anayetoa asitafute shukrani, lakini tulipoondoka mahali bila kupewa chai alinuna mpaka tufike kwenye lami. Wakati wa mahubiri alisinzia, kila Jumapili, kwenye kiti cha nyuma kabisa, na ukimgusa alisema amina. Na alikuwa na majivuno ya viatu. Alivaa viatu vyeusi vyenye ncha, vya ngozi, vinavyong'aa hata ukajiona uso, Jumatatu mpaka Jumapili, kwenye kiwanja cha magari na kwenye matope ya vijijini. Alitembea na kitambaa mfukoni kwa ajili yake. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akivivua, hata nyumbani kwake, hata siku mvua ilipotukuta na miguu ikawa inalia maji kila akikanyaga.

Siku ya yale mabati ilianza kwa msichana mmoja wa ile saluni ya chini, mzaliwa wa huku huku. Alimwambia Shemasi, kwa mazungumzo tu, kwamba kwao kijijini watu wanaabudu nje, jua lao, mvua yao, hawana jengo. Shemasi hakulala vizuri wiki nzima. Jumapili alisimama mbele ya kanisa, akasema sisi tuna paa la kupanga, wale hawana paa la aina yoyote, na uani tuna mabati yanayokula vumbi. Watu walinung'unika. Yalikuwa mabati yetu, ya kanisa letu. Lakini kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na Shemasi aliisema methali hiyo kwa macho yaliyojaa machozi, na mwishowe Mchungaji akauliza nani anakubali, mikono ikainuka. Ya kwetu tungeanza kukusanya upya.

Basi tukapakia. Tulifika kijijini saa nne za asubuhi, pikapu limeinama nyuma kwa uzito. Pale alipotuelekeza yule msichana tulikuta uwanja wa majani mafupi juu ya kilima, na katika majani hayo mawe yamepangwa kwa duara kubwa, kila jiwe kiasi cha kichwa cha mtu, yote yamepakwa chokaa nyeupe. Palikuwa na mwanya mmoja wa kuingilia. Shemasi aliyaona mawe akatabasamu, tabasamu la mtu wa kazi anapoona kazi ya mwenzake.

"Donc, huku iko batu ya akili," alisema. "Bamechora parking."

Akaingia kupitia mwanya ule. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho mbele ya macho yangu, Shemasi aliegesha gari vizuri. Alilinyoosha, akalisogeza mpaka katikati kabisa ya duara, akavuta breki ya mkono na kunitazama ili nimsifu. Nikamsifu.

Tukashuka kulitafuta hilo kundi la waabudu lisilo na kanisa. Akapita mama mwenye ndoo, Shemasi akamuuliza kwa Kizulu chake cha kiwanja cha magari watu wa kanisa wako wapi, na kanisa lenyewe hukutanika wapi. Mama akanyoosha kidole kwetu. Shemasi akasogea, akadhani tumemzibia anachokionyesha. Akapita kijana na ng'ombe wawili, naye akaonyesha palepale, kwenye pikapu. Mimi nilikuwa na miaka mitano ya kusomea majengo, na nusu ya tasnifu juu ya makanisa, na nilisimama katikati ya kanisa nikiuliza liko wapi.

Aliyetufungua macho ni mwanamke mzee, mwangalizi wa mahali pale, ambaye wote walimwita Gogo, yaani bibi. Alikuja taratibu, amejifunga nguo nyeupe, miguu mitupu. Alisimama nje ya mawe, kwenye mwanya, akatazama pikapu, akatazama mistari ya matairi kwenye majani, kisha akatutazama sisi. Niliona Shemasi anaelewa. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekanyaga mtoto gizani. Alianza kuomba radhi kwa lugha tatu kwa pamoja, akikimbilia mlango wa gari alitoe, na ufunguo ukamponyoka mkononi. Gogo akainua kiganja, akasema maneno machache. Shemasi akasimama. Nilimuuliza amesema nini.

"Anasema tumeisha ingia," alinitafsiria. "Basi tutoe viatu."

Mimi nilivua raba zangu pale pale. Shemasi hakuvua. Alibaki ameinamisha kichwa, akivitazama vile viatu vyake vyenye ncha, na watu walikuwa wameanza kufika, wanawake na wanaume, wakivua vyao na kuvipanga nje ya mawe. Nilidhani ni kiburi, nikaona aibu kwa niaba yake. Halafu akainama akafungua kamba. Ndani mlikuwa na vipande vya boksi vilivyokatwa kufuata mguu, kwa sababu soli zilikuwa zimekwisha kabisa, matundu makubwa kama mayai. Soksi hazikuwa na kisigino wala vidole. Zilibaki kama mikono ya shati. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwapelekea watu nguo kila mwezi, zikipita mikononi mwake gunia kwa gunia, na viatu vizuri vya wanaume vilikuwamo, nilivipanga mwenyewe.

Alivishika viatu vyake asijue avifiche wapi. Gogo akavichukua kutoka mkononi mwake, akaenda navyo mpaka kwenye mstari wa viatu vya wengine, akaviweka katikati ya mstari, soli chini, ncha zikitazama kanisa. Vilikuwa vinang'aa kupita vyote. Shemasi alilia, sio kidogo, na mimi pia nililia, na ibada ikaanza pikapu likiwa katikati yetu maana hakuna aliyeona sababu ya kulitoa tena.

Baada ya ibada alitoa habari ya mabati. Gogo alishukuru, akapiga makofi taratibu, wote wakapiga. Kisha akauliza kama wanaruhusiwa kuyaweka panapohitaji paa. Hapa kanisani, alisema, hawajawahi kuhitaji kitu kati yao na mbingu, wakilowa watakauka. Ila pale chini kuna jirani, mjane, upepo umemnyang'anya paa na wajukuu wanalala jikoni. Si mtu wa kanisa lao wala la kwetu. Shemasi aliligeukia pikapu. Nilijua anachofikiri, kwa kuwa aliwaahidi watu wa Durban kwamba mabati yao yatakuwa kanisa. Mwisho alikunja mikono ya shati na kuomba nyundo. Mpaka alasiri tulikuwa juu ya nyumba ya yule mjane, yeye akipigilia misumari, miguu bado mitupu.

Njiani kurudi hakuimba. Tulipofika kwenye taa za kwanza za mji ndipo aliposema.

"Mi nilikuwa nafikiri tunabaletea Mungu. Kumbe tulikuwa tunamukanyaga na tairi."

Jumapili iliyofuata aliwaeleza waumini kila kitu bila kupunguza, hata namna alivyojisifu kwa kuegesha. Wengine walicheka. Wengine hawakucheka. Miezi michache baadaye mwenye jengo akatuambia anautaka ukumbi wake awe anahifadhi mizigo, tuwe tumetoka mwisho wa mwezi. Hapo waliokuwa wamenyamaza wakapata la kusema. Mabati yetu yako wapi. Yameezekwa kwa mtu asiye wetu. Tungekuwa na paa sasa. Kikaitwa kikao cha wazee, na Mchungaji, kijana mwema lakini mwoga wa kelele, akatangaza kwamba Shemasi atapumzishwa utumishi kwa muda.

Mimi nilikuwamo kwenye kikao kile. Nilikuwa shahidi pekee wa siku ile, mtu pekee ambaye angeweza kusimama na kusema nimemwona Gogo, nimeliona paa la mjane, na kama ni kosa basi ni zuri kuliko mema yetu mengi. Nilinyamaza. Nilikuwa nimepata kazi Johannesburg, mkoba wangu ulikuwa umeshafungwa, nikaona ya nini kugombana na watu ninaowaacha. Shemasi alinitazama mara moja tu. Halafu akavaa kizibao chake, akateremka ngazi kwenda kwenye magari. Na cha ajabu, hata waliompumzisha waliendelea kumwita Shemasi, kwani hakuna aliyekuwa na jina jingine la kumwita.

Kanisa likatawanyika. Nilipata habari kwa simu: kundi moja linasali sebuleni kwa mtu mpaka majirani walalamike, jingine linasali ufukweni, wengine wamekata tamaa wanalala Jumapili nzima. Ramani niliyoahidi sikuichora. Kila nilipofungua karatasi niliona ule mtazamo wake wa mara moja, nikafunga. Ahadi ni deni, na hili nililibeba miaka mitatu.

Mwaka huu akanipigia. Hakunilaumu, hakuzunguka. Aliniuliza hali, akasema ile ramani sasa inahitajika, nije nayo Jumapili, akanitajia yadi ya malori karibu na bandari. Nilichora usiku tatu mfululizo. Nilichora paa jepesi lenye mbawa mbili, nguzo, mwanga unaoingia kutoka mashariki, madhabahu. Nilijivunia. Niliikunja ramani, nikaitia kwenye buti la gari langu, nikaendesha mpaka Durban.

Jumapili asubuhi bandari ilikuwa imetulia, winchi zimesimama, kontena zimepangwa nyuma ya uzio. Geti la yadi lilikuwa wazi. Ndani palikuwa na kiwanja kikubwa cha lami yenye madoa ya oili, tupu, malori yote yako njiani au yamelala kwingine. Niliona mawe meupe yamepangwa, nikasema moyoni, afadhali, wametuwekea alama. Nikaingia kati yake sawasawa, nikanyoosha gari, nikalisimamisha katikati, nikazima. Nikaanza kutafuta kwa macho jengo wanalosalia. Kando ya ukuta walisimama watu kama arobaini wakinitazama, na nikawatambua, mwuza simu, msusi, Mchungaji mwenyewe, wote wameshika viatu mkononi.

Nikayatazama tena yale mawe, nikaona ni duara. Na Shemasi alikuwa anakuja, amevaa suti, na juu ya suti kizibao chake cha kijani, amezeeka mabegani, miguu mitupu juu ya lami. Kwa mazoea yake alikuwa ameinua kiganja, kidogo tena, basi, hapo hapo, ijapokuwa gari lilikuwa limeshasimama. Nilishusha kioo. Nilitaka kusema nimekosea, nilitaka kusema na lile la kikao, ila alinitangulia.

"Umeisha ingia, Architecte," alisema. "Basi toa viatu."

Nilivua. Vilikuwa viatu vipya vya kazini, vya kisigino. Alivipokea, akavipeleka kwenye mstari, akaviweka soli chini kwa uangalifu, ingawa soli zangu hazikuwa na cha kuficha. Nilimfuata nyuma, nikamwambia sasa hivi, kabla sijaogopa tena, kwamba siku ile ya kikao nilipaswa kusema na sikusema.

"Mi nilisikia vile ulinyamaza," alijibu. "Ilikuwa na sauti. Mais imeisha. Ramani iko wapi?"

Tulisali kwanza. Mawe yalikuwa ya gati, ameyaokota mwenyewe na kuyapaka chokaa, na kila Jumapili jioni huyakusanya ukutani ili Jumatatu malori yaingie. Kwa mwaka mzima amefanya hivyo. Mwenye yadi alikuwa mzee aliyeegesha gari kwa Shemasi miaka kumi, na alipoulizwa kama watu wanaweza kuomba hapo siku ya mapumziko alisema kama wewe ndiwe utakayewapanga, wapange. Mwanzoni Shemasi alisali hapo na watoto wake tu. Wakaja wa sebuleni, wakaja wa ufukweni. Mchungaji alikuja wa mwisho, akamwomba radhi mbele ya wote, adhuhuri, miguu mitupu kwenye lami inayochoma, na wanasema hakuna radhi iliyowahi kuombwa kwa kurukaruka namna ile. Sasa mwenye yadi amewapa kona ya ukutani, waweke paa lao lenyewe. Chini ya ukuta zililala nguzo za mkaratusi kumi na mbili, zimemenywa magome, bado zinanukia msitu. Zilikuwa zimeletwa juzi na lori la mbao kutoka kwa watu wa Gogo. Mjane na wajukuu wake ndio waliozimenya.

Baada ya ibada niliitoa ramani, nikaikunjua juu ya boneti ya gari langu, bado likiwa katikati ya kanisa. Upepo wa bandari ukaitaka. Wanawake wakaleta mawe manne meupe wakaweka kwenye pembe. Watu wakasogea, wakaangalia mbawa za paa, wakaangalia mwanga wa mashariki, wengine wakavuta pumzi, na Mchungaji akasema haleluya kwa sauti ndogo. Shemasi alivaa miwani. Aliifuata michoro yangu kwa kidole, nguzo baada ya nguzo, akazunguka gari akaitazama kwa upande wa pili, akarudi. Nilimwona anatafuta kitu. Nikaanza kucheka kabla hajauliza, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena.

"Ni nzuri vraiment," alisema. "Sasa, Architecte, choo iko wapi?"

Nikaomba penseli. Nikayaondoa yale mawe manne, nikaigeuza karatasi upande usio na kitu, Shemasi akayarudisha mawe moja moja kwenye pembe zake, nikaanza na choo.